Ghala limejaa, mtoto ni mfupi: namna ya kusoma takwimu za udumavu za mikoa yetu

Kila tukitaja takwimu za udumavu hewani, simu ya studio haipumziki. Mmoja anapiga kusema kwamba wakulima wa Iringa, Njombe na Rukwa ndio wanaolisha miji, sasa iweje watoto wao ndio waambiwe hawali? Mwingine anasema sisi ni watu wafupi tangu enzi za mababu, na babu yake mwenyewe alikuwa mfupi na alilima hadi uzeeni. Wa tatu hakosekani: "Walikuja lini kijijini kwetu kupima? Mbona mimi sijaona mtu?"

Maswali yote matatu ni ya haki, na dakika chache za kipindi hazitoshi kuyajibu. Ndiyo maana tunayaandika hapa, uyasome kwa nafasi yako, na ikibidi umsomee jirani ambaye simu yake haina bando.

Tuanze na takwimu zenyewe. Mwaka 2022 ulifanyika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria, uliosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, kwa kushirikiana na wizara za afya za pande zote mbili. Utafiti huo ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Hiyo ni hatua, kwa sababu mwaka 2010 walikuwa 42, na mwaka 2015-16 walikuwa 34. Lakini ukishuka kwenye mikoa, Iringa ni 57 kati ya 100, Njombe 50, na Rukwa 50. Hakuna mikoa mingine inayofikia hapo. Mikoa hiyo mitatu ndiyo ile ambayo kila mwaka malori yanatoka yamejaa mahindi, viazi, maharage na matunda.

Hawakufika kwako, lakini walifika

Umewahi kumwona mnunuzi wa mahindi mnadani? Hamwagi gunia lote chini. Ana bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati. Analichoma gunia juu, anachoma ubavuni, anachoma chini, kisha anatazama punje zilizotoka kiganjani. Kwa punje hizo anajua kama mzigo una unyevu, una vumbi, au umeliwa na wadudu. Na mkulima mjanja anajua pia kwamba mnunuzi akichoma juu peke yake, anaweza kupigwa.

Watu wa takwimu wanafanya hivyohivyo. Katika utafiti wa mwaka 2022 walichagua maeneo 629 nchi nzima, ya mjini na ya vijijini, Bara na Zanzibar. Maeneo hayo hawakuyachagua kwa kupenda au kwa sababu barabara yake ni nzuri. Yalichaguliwa kwa bahati, kwa utaratibu wa kitakwimu, ili kijiji cha porini kiwe na nafasi yake sawa na mtaa wa mjini. Katika kila eneo wakaorodhesha kaya, kisha wakachagua kaya 26, nazo kwa bahati. Jumla ni kaya 16,354. Wadadisi walikuwa barabarani kuanzia Februari hadi Julai mwaka huo, na wanawake zaidi ya 15,000 walihojiwa.

Kwa hiyo kutoona mtu kijijini kwako ni jambo la kawaida kabisa. Vijiji vingi havikufikiwa, kama vile punje nyingi za gunia hazikugusa bambo.

Walipofika kwenye kaya, hawakuuliza maswali tu. Hapa ndipo penye thamani ya utafiti wa namna hii. Ukimuuliza mzazi "mtoto wako anaendeleaje?" atakujibu "hajambo," na anasema kweli kadiri jicho lake linavyoona. Basi wao walikuja na mizani na ubao wa kupimia urefu. Mtoto wa chini ya miaka miwili alilazwa kwenye ubao, mkubwa zaidi alisimama. Walichukua pia tone la damu kidoleni, au kisiginoni kwa mtoto mdogo, likapimwa palepale kwa kifaa kidogo kuona kiasi cha damu na kama kuna vimelea vya malaria. Mzazi alielezwa majibu, na mtoto aliyekutwa na hali mbaya alielekezwa kituo cha afya. Nayasema haya kwa sababu hofu ya mumiani bado ipo kwetu, na kila tone la damu linaanzisha hadithi. Damu inayochukuliwa haijazi hata kifuniko cha soda.

Je, sisi ni wafupi wa asili?

Hili ndilo swali ambalo watu hulirudia zaidi, na jibu lake linahitaji subira kidogo.

Udumavu maana yake ni kimo kidogo kuliko umri. Swali ni kwamba nani aliamua kimo cha umri fulani kiwe ngapi? Je, walipima watoto wa Wazungu wakatuletea sisi? Hapana. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Walichagua watoto ambao mama zao hawakuvuta sigara, walionyonyeshwa, waliopata chanjo na matibabu, na waliokula vizuri. Walichokuta ni kwamba katika miaka mitano ya mwanzo, mtoto wa Accra, mtoto wa Muscat na mtoto wa Oslo, wakitunzwa vizuri, wanakua karibu sawa. Tofauti kubwa za koo na makabila hazionekani katika umri huo. Vipimo hivyo vilitangazwa mwaka 2006, na ndivyo vinavyotumika kwetu na kwa wengine wote.

Sasa, watu wafupi wa asili wapo kila mahali, na vipimo hivyo vinalijua hilo. Mstari wa udumavu umewekwa chini sana, kiasi kwamba hata kwenye nchi ambayo kila mtoto ameshiba na hana maradhi, watoto wawili hivi kati ya 100 wataangukia chini yake kwa sababu tu wamezaliwa katika ukoo wa wafupi. Hao wawili ndio wafupi wa asili. Iringa tumekuta 57. Hao 55 waliozidi hatuwezi kuwasingizia mababu.

Kuna jambo lingine linalotudanganya, nalo ni jicho. Mtoto aliyekonda tunamwona: mbavu, macho yaliyoingia ndani, mashavu yaliyoanguka. Tunamkimbiza zahanati. Hali hiyo inaitwa ukondefu, na kitaifa ni watoto 3 tu kati ya 100. Mtoto aliyedumaa mara nyingi ni mnene wa kutosha, ana mashavu, anacheza. Ni mfupi tu. Na tunampima kwa kumlinganisha na nani? Na mtoto wa jirani. Kijijini ambako nusu ya watoto wamedumaa, mtoto wa jirani naye amedumaa, kwa hiyo wote wanaonekana wazima. Mtoto mwenye kimo chake sawasawa ndiye anayeonekana mrefu kupita kiasi, na bibi atasema amemrithi mjomba. Bila ubao wa kupimia, kijiji kizima kinaweza kuishi miaka na tatizo hili bila kuliona.

Ufupi wenyewe si ugonjwa

Hapa nataka tuelewane. Hakuna anayehangaika kwa sababu ya sentimita. Ufupi ni alama, kama vile moshi ulivyo alama ya moto. Mwili wa mtoto uliokosa virutubisho kwa muda mrefu hupunguza matumizi: kwanza unaacha kurefuka. Lakini hauachi kurefuka peke yake. Ubongo nao, ambao hukua kwa kasi kubwa tangu mimba hadi miaka miwili, unakosa vifaa vya ujenzi. Kinga ya mwili inakuwa dhaifu. Kuharisha ambako mtoto mwingine angekuvuka kwa siku mbili, huyu kunamlaza wiki. Nimonia inampata kwa urahisi na kumwacha kwa shida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano duniani vinahusiana na utapiamlo, ingawa kwenye cheti cha kifo litaandikwa jina la ugonjwa mwingine.

Halafu kuna hatari ambayo inachelewa kufika. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wauguzi wa wilaya ya Hertfordshire kule Uingereza walikuwa wakiandika kwenye daftari uzito wa kila mtoto aliyezaliwa, na tena alipofikisha mwaka mmoja. Daftari zile zilihifadhiwa. Daktari David Barker na wenzake walizipata, wakawatafuta wanaume zaidi ya 5,000 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930, waangalie nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Mwaka 1989 walitangaza walichokuta: waliokuwa wadogo zaidi walipozaliwa na walipofikisha mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa magonjwa ya moyo. Tafiti nyingine zilizofuata zilikuta jambo kama hilo kwa kisukari. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwili uliojengwa katika uhaba hujizoeza kubana matumizi, na siku shibe ikija, hasa shibe ya sukari na mafuta, haujui kuihimili.

Sasa weka hilo pembeni ya takwimu nyingine. Mwaka 2004-05 wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo nchini walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Mwaka 2015-16 walifika asilimia 28. Mwaka 2022 ni zaidi ya mmoja kati ya watatu. Na utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban robo yao wana shinikizo la juu la damu, wengi wao wakiwa hawatumii dawa yoyote. Watoto wa 1992, wakati ambapo karibu nusu ya watoto wa Tanzania walikuwa wamedumaa, leo ni watu wazima wa miaka thelathini na kitu. Ni rika langu. Tunapopanga foleni kupimwa presha na sukari, tunavuna kilichopandwa kabla hatujajua kusema.

Kwa mwanamke kuna la ziada. Msichana aliyedumaa anakuwa mama mfupi, na mama wa chini ya sentimita 145 ana hatari kubwa zaidi ya uchungu pingamizi na ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mtoto huyo naye anaanzia nyuma ya mstari.

Mahindi hayana kosa

Basi turudi kwenye ghala. Utafiti unatuonyesha wapi pana tatizo na kwa nani, lakini hauwezi kukaa jikoni kwako mwaka mzima ukaona sababu. Hata hivyo unaacha dalili. Moja ya maswali wanayouliza ni hili: jana, mchana na usiku, mtoto wa miezi 6 hadi 23 alikula nini? Majibu yanapangwa katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, kunde na karanga, maziwa na bidhaa zake, nyama, samaki na dagaa, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine. Mtoto anatakiwa awe amegusa walau makundi matano kwa siku.

Jaribu mwenyewe kwa mtoto wa nyumbani kwako. Uji wa mahindi asubuhi ni nafaka. Ugali mchana, nafaka tena. Viazi jioni, kundi lilelile. Amekula mara tatu, ameshiba, amegusa kundi moja. Ukiongeza maziwa ya mama, mawili.

Mahindi hayana kosa lolote, yanatupa nguvu ya kulima. Tatizo ni kwamba tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo kama ngumi yake, na tunalijaza uji mwepesi ambao sehemu kubwa ni maji. Kisha tunaondoka. Wakati wa kupanda na wa palizi mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto mdogo anaachwa na dada yake wa miaka saba, na uji ule wa asubuhi ndio unaopashwa mchana. Mtoto wa miezi tisa na kuendelea anahitaji milo mitatu au minne kwa siku pamoja na kitu kidogo katikati. Ratiba ya jembe haimruhusu. Mimi sioni namna ya kulizungumzia hili kama kosa la akina mama, ingawa mikutano mingi huishia hapo: kina mama wamekaa chini wanafundishwa kupika, kina baba hawamo. Aliyeamua kwamba maharage yote, mayai yote, maziwa yote na maparachichi yote yauzwe, hela ikarekebishe bati au ikanunue pikipiki, kwa kawaida si mama. Na tusifichane, msimu wa ulanzi sehemu ya hela hiyo haifiki nyumbani.

Kuna sababu nyingine zisizohusu sahani. Choo kibovu na maji machafu humfanya mtoto aharishe mara kwa mara, na utumbo unaougua kila mwezi haunyonyi chakula hata kikiwa kizuri. Kuna sumukuvu pia, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki. Hiyo ni ile inayoua haraka. Iliyo kidogokidogo haionekani, ila watafiti waliowafuatilia watoto wachanga wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro walikuta waliokuwa na kiasi kikubwa zaidi cha fumonisini, ambayo ni aina mojawapo ya sumu hizo, ndio waliokuwa wafupi zaidi. Kwa hiyo mahindi yenye ukungu, yale tunayoyatenga tukisema "haya tutasaga ya nyumbani, mazuri tuuze", yafikiriwe upya kabla ya kwenda mashineni.

Ramani nyingine

Ukifungua ukurasa wa malaria wa utafiti uleule, ramani inageuka. Mwaka 2007-08 watoto 18 kati ya 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2022 walikuwa 8. Iringa na Njombe ni chini ya mmoja kati ya 100, kwa sababu ya baridi yetu. Tabora ni 23, Mtwara 20, Kagera 18. Mtoto wa Makete na mtoto wa Urambo wote ni watoto wa Tanzania, lakini kinachowatishia hakifanani, na ndiyo maana si busara kugawa kila kitu sawasawa nchi nzima. Chandarua kinachookoa maisha Tabora hakitamrefusha mtoto wa Ludewa.

Upungufu wa damu, kwa bahati mbaya, haubagui. Watoto 59 kati ya 100 wanao, na wanawake 42 kati ya 100 wa umri wa kuzaa. Kwa watoto, takwimu hiyo imegoma kushuka tangu mwaka 2010. Malaria, minyoo na chakula kisicho na madini ya chuma vyote vinachangia. Kwetu sisi tunaoishi jirani na mashamba ya chai ya Mufindi nina neno moja dogo: chai pamoja na chakula huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage. Inyweni saa moja au mbili baadaye. Na mjamzito asiviache vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki kwa sababu tu vinamtia kichefuchefu. Avinywe usiku baada ya kula.

Usizisome kama matokeo ya ligi

Utafiti wa lishe wa mwaka 2018 uliikuta Iringa ikiwa na udumavu wa asilimia 47 na Njombe karibu 54. Mwaka 2022 Iringa ikawa 57 na Njombe 50. Palepale watu wakaanza: Njombe wameshinda, Iringa wameshuka daraja. Subiri kwanza. Bambo likichomwa mara mbili kwenye gunia moja halitoi punje zilezile. Takwimu ya taifa imetokana na maelfu ya watoto, kwa hiyo imetulia. Takwimu ya mkoa mmoja imetokana na watoto wachache zaidi, na inaweza kupanda au kushuka kwa pointi kadhaa bila chochote kubadilika vijijini. Kiongozi anayesimama jukwaani kujisifu kwa pointi tatu za mkoa, au kumgombeza ofisa lishe kwa pointi tatu, hajasoma vizuri.

Kinachofaa kutazamwa ni kile kinachojirudia. Mwaka 2015-16 Rukwa ilikuwa 56, Njombe 49, Iringa 42. Mwaka 2018 mikoa hiyohiyo mitatu ndiyo ikaongoza. Mwaka 2022, ileile. Nafasi zinapishana, majina hayabadiliki. Hiyo si bahati mbaya ya sampuli.

Tena, utafiti unasema kuhusu mkoa, hausemi kuhusu mwanao. Mtoto wako anaweza kuwa katika wale 43 wa Iringa ambao hawajadumaa. Ili ujue, ni lazima apimwe yeye.

Wazee wanakumbuka rovu

Kwa wanaouliza takwimu hizi zina faida gani kama zinabaki kwenye makabati ya ofisi, wamuulize mzee yeyote wa nyanda za juu kuhusu rovu, lile tezi lililovimba shingoni. Zamani lilikuwa jambo la kawaida katika milima yetu, watu wakidhani ni maji ya mito au laana ya ukoo. Tafiti za miaka ya 1980 katika wilaya zenye tatizo hilo zilikuta robo hivi ya watoto wa shule wana rovu. Sababu ilikuwa ukosefu wa madini joto kwenye udongo. Zikagawiwa kapsuli za mafuta yenye madini joto, kisha katika miaka ya 1990 ikaamriwa chumvi iwekwe madini hayo. Utafiti wa mwaka 2004 ulikuta asilimia 7. Watoto wa leo hawajui rovu ni nini, na wengi hawajui kwamba ni pakiti ya chumvi ya dukani iliyolimaliza.

Udumavu ni mgumu kuliko rovu, hauna pakiti moja ya dukani. Lakini mkoa wa Iringa wa zamani, ambao ulikuwa pamoja na Njombe, una historia yake hapa pia. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ambapo vijiji vyenyewe vilipima watoto kila baada ya miezi mitatu na kujadili majibu katika mkutano wa kijiji. Watoto wenye utapiamlo mkali walipungua sana. Ila kilichopimwa wakati ule kilikuwa uzito, na hadi leo mazoea yetu ya kliniki ni yaleyale: mtoto anatundikwa kwenye mizani, kadi inachorwa, mama anarudi nyumbani.

Kwenye kliniki ijayo

Kwa hiyo ukienda kliniki, baba au mama, omba mtoto apimwe urefu pia, angalau kila baada ya miezi mitatu, na angalia kama sehemu ya urefu kwenye kadi imejazwa. Kama zahanati haina ubao wa kupimia, liulizeni hilo kwenye mkutano wa kijiji. Ubao ni mbao na rula, fundi seremala akielekezwa vizuri na mtaalamu anaweza kuutengeneza.

Ili ujue unachosikia ukiambiwa namba: mtoto wa mwaka mmoja kamili akipimwa amelala, wa kiume akiwa chini ya sentimita 71 na wa kike chini ya 69, amedumaa. Akifikisha miaka miwili kamili, mpaka ni karibu sentimita 82 kwa wa kiume na 80 kwa wa kike, naye amelala. Akiwa juu kidogo tu ya mpaka huo usistarehe, kwa sababu mtoto wa kawaida wa miaka miwili yuko karibu na sentimita 87.

Ukikuta yuko chini na bado hajatimiza miaka miwili, muda upo. Anza na vitu vilivyomo nyumbani: uji mzito uliotiwa karanga zilizosagwa au maziwa, yai moja ambalo halitakwenda gulioni, maharage yaliyopondwa, parachichi, dagaa waliosagwa, mboga za majani zilizokatwa laini. Maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, kisha pamoja na chakula hadi miaka miwili. Ukikuta yuko chini naye ameshavuka miaka miwili, bado mlishe hivyohivyo na umpeleke kwa mtaalamu wa lishe wa halmashauri au mhudumu wa afya wa jamii, na mtazame kwa jicho kali zaidi yule anayemfuata, hasa kama bado yuko tumboni.

Na siku wadadisi wa utafiti ujao wakibisha hodi kwako, wana vitambulisho na mwenyekiti wa kitongoji anajulishwa kabla. Mtu wa kwanza kumuuliza ni yeye. Wakikuuliza jana mtoto alikula nini, waambie alichokula jana.